Medali ya Thelathini na Tatu

Hoogsluis, 6 Machi 1684

Kwa Machteld, binti wa marehemu dada yangu, mwenye ulimi mkali kuliko vijembe vyangu vyote,

Nianze na salamu, maana zikikosekana utaninunia hadi Pasaka. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma kila mvua inapokaribia, na kwetu hapa mvua haikaribii, imehamia kabisa. Paka amezaa ndani ya kofia yangu ya kanisani, kwa hiyo Jumapili mbili sasa nakaa nyuma kichwa wazi, na mchungaji anadhani nimetubu jambo kubwa. Wiki jana nilimng'oa jino mke wa mwoka mikate. Akaniuma kwa yaliyobaki. Msalimie baba yako, na umwambie bado sijasahau alichoniita pembeni mwa barua ya Krismasi ya mwaka juzi.

Sasa nililokusudia. Chama chetu cha wapasuaji kimeamua kupata medali mpya. Za zamani zimesagika hadi fuvu limekuwa kiazi. Desturi yetu unaijua: akifa mmoja wetu, sote tunamsindikiza, na kabla jeneza halijainuliwa kila mtu anatumbukiza medali yenye jina lake ndani ya sanduku la chama. Kesho yake Tijs, mtumishi wetu mzee, hufungua sanduku na kusoma majina mbele ya mkutano. Ambaye medali yake haimo, hakuwapo, hata kama alibeba jeneza peke yake. Faini ni pipa la bia kwa wote. Na sanduku halibishiwi; hiyo ni kanuni yetu ya tatu, na mtu anaweza kuvunja ya kwanza na ya pili lakini si hiyo.

Tuko thelathini na wawili. Nimewaambia kazi hii haina mwenyewe ila baba yako, Joost van Rhee wa Amsterdam. Mkuu wetu, bwana Wessel Brandligt, anataka mbele kuwe na mkono wenye jicho kiganjani, kwa kuwa mpasuaji huona kwa vidole. Nyoka wawili pembeni. Nyuma fuvu, saa ya mchanga, na nafasi ya jina. "Isiwe kazi ya mwanafunzi!" akasema. "Nataka mkono wa Joost mwenyewe!" Akapiga meza hadi wino ukamwagika.

Kuna jambo moja dogo, libaki kati yetu. Zangu ziwe mbili. Usiniulize kwa nini.

Mjomba wako,
Govert Hellinck


Amsterdam, 19 Machi 1684

Mjomba,

Hongera kwa wajukuu wa kofiani. Sisi hatujambo. Jirani yetu amenunua kasuku kwa mabaharia, anatukana kwa Kireno asubuhi hadi jioni, na mke wa mchungaji huja kila siku kumsikiliza ili, anasema, ajue mambo ya kuombea. Mfereji umeanza kunuka mapema mwaka huu. Baba anakusalimu. Ana kazi nyingi, ndiyo maana hakuandika chochote pembeni, lakini ameniambia nikuandikie hivi: "Govert mpendwa, wewe ni mcheshi sana."

Kazi tumeipokea. Mfano utachongwa kwa nta, tuugandamize kwenye kalibu ya mchanga, halafu tusubu kwa kumimina shaba ya manjano iliyoyeyushwa. Baada ya hapo ni kusugua na kunoa mstari mmoja mmoja kwa kichongeo. Majina hukatwa mwisho.

Ila niwaulize ninyi mabwana: fuvu la nini? Mtu anakuja kwako na jipu, anaiona medali mezani ina fuvu, na saa ya mchanga iliyokaribia kwisha. Huyo si atatoka kwa dirisha? Au ndiyo mnawaambia ukweli mapema ili wasidai baadaye?

Kuhusu zako mbili: mtu mmoja, jeneza moja, medali moja. Ya pili inakwenda kumzika nani? Nitasubu thelathini na tatu, lakini mgongo wa hiyo ya thelathini na tatu utabaki mtupu mpaka useme.

Mpwa wako,
Machteld


Hoogsluis, 2 Mei 1684

Mpwa wangu,

Usinikasirikie kwa kuchelewa, kasirikia nyoka. Sisi wazima, goti lile lile, watoto wa paka wameanza kutembea na mmoja nimempa jina lako kwa sababu anakwaruza.

Wiki sita chama kizima kimebishana juu ya hao nyoka. Daktari mmoja wa chuo alipita mjini, akatazama mchoro wetu, akacheka puani. Akatueleza kwamba fimbo yenye nyoka wawili ni ya wafanyabiashara. Ya tiba ina mmoja. Wessel akawa mwekundu. Wale wanaonyoa ndevu zaidi kuliko kupasua wakadai nyoka wote watolewe, uwekwe wembe na beseni. Mzee Lubbert, mwenye miaka themanini na moja, alilala mkutano mzima, akaamka akasema: "Wekeni samaki. Angalau analiwa." Akalala tena. Nampenda sana yule mzee. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Mwishowe tumekubaliana nyoka mmoja.

Lakini wameongeza jambo. Majina yatakatwa hapa hapa ukumbini, mbele ya macho yetu, tarehe 27 Septemba, siku ya Watakatifu Kosma na Damiani, wasimamizi wa waganga. (Sisi si Wakatoliki, ila nyama ya kuoka ya siku hiyo haina dhehebu.) Kila mwanachama atasimama aone jina lake likikatwa, kwa sababu inasemekana safari iliyopita kuna mtu alijitengenezea medali ya pili kwa madini ya risasi, awe anahesabiwa mazishini huku yuko kwingine. Mtu huyo sitamtaja. Ana goti bovu.

Kwa hiyo Joost lazima aje mwenyewe na vyombo vyake. Ile ya ziada itabidi uilete kimya kimya.

Sababu? Hewa ya mji wa Schermbrug inanifaa goti, na nafuu huipata Jumanne. Watu wa chama hiki wana tabia mbaya ya kufa ili wazikwe Jumanne. Isitoshe, huko wanauza samaki wa moshi wazuri mno.

Govert


Amsterdam, 30 Mei 1684

Mjomba,

Wazima. Kasuku ametoroka, mke wa mchungaji analia.

Ndani ya kitambaa utakuta medali ya majaribio, ya risasi. Mwonyeshe bwana Wessel. Shaba itakuwa safi zaidi.

Baba ana mafua. Septemba ni mbali, lakini mafua yake ni ya kukaa. Je, si bora mtutumie orodha ya majina, tuyakate hapa kwa utulivu? Mwambie bwana Wessel kuwa wachongaji wakubwa hawapendi kutazamwa wakila wala wakifanya kazi.

Na hiyo hewa ya Schermbrug, mjomba, jina lake la kwanza nani?

Machteld


Hoogsluis, 4 Juni 1684

Machteld,

Salamu. Goti, mvua, paka, jaza mwenyewe.

Wessel ameisifu medali yako. Aliigeuza huku na huku akasema, "Joost hajashuka hata kidogo!" Mimi nilikaa nayo dirishani tangu asubuhi hadi wakati wa supu.

Nikwambie nilichoona. Kwanza, baba yako hajaniita "mpendwa" tangu siku niliyokubali amuoe dada yangu. Mara ya mwisho aliniita beseni la kunyolea lililopata miguu. Uliponiletea "mcheshi sana," nilijua au amekufa au hakuambiwa kuwa nimeandika.

Pili, fuvu. Joost amechonga mafuvu miaka thelathini na hajawahi kuyawekea meno ya chini, kwa sababu anasema marehemu hana cha kutafuna. La kwako lina meno yote, na moja limetoboka. Lile jino nalijua, nililiziba mwenyewe. Ni la dada yangu.

Tatu, na hili ndilo lililoipoza supu yangu. Tazama jicho kiganjani. Kila mchongaji chini ya jua akifika kwenye mboni huitoboa, iwe shimo jeusi, ndipo jicho litazame. Wewe mboni umeijaza. Umeweka kiduara kama dengu, laini, kimefunika kila kitu. Kope umeishusha kidogo, nyusi umeipandisha, jinsi mtu anavyofanya akitafuta mwanga kutoka pembeni. Mtoto, mimi nimeshaingiza sindano kwenye macho ya namna hiyo zaidi ya mia. Jicho hilo hukulibuni. Unakula nalo mezani kila siku.

Joost ana mtoto wa jicho. Tangu lini? Na kwa nini hukuniandikia mimi, kati ya watu wote?

Mjomba


Amsterdam, 21 Julai 1684

Mjomba,

Nimechelewa kwa makusudi. Nilianza barua hii mara nne, na mara zote nne ikageuka kuwa habari za kasuku.

Ni mwaka wa pili. Lilianza la kushoto, likafuata la kulia. Alikuwa anamalizia kijiko cha ubatizo akakata mstari katikati ya pua ya malaika. Akaniambia, "Machteld, kaa hapa umalizie, taa ni mbaya." Ilikuwa saa sita mchana. Nikakaa, nikamalizia, mteja akasifu. Sijainuka tangu siku hiyo. Kila kitu kilichotoka karakana hii kwa miezi ishirini ni mkono wangu, na chini yake chapa ya baba. Yeye hukaa kando anapapasa kwa kidole gumba na kunikosoa: ukucha wa kidole cha pete umezidi, nyoka ana mgongo wa soseji. Na kwa bahati mbaya huwa yuko sahihi. Dengu aliipapasa pia. Hakusema neno. Nilidhani imempita.

Ulipouliza kwa nini sikukuandikia, niliiweka barua chini nikaenda kufua, na siku ile haikuwa ya kufua. Nitalisema. Niliogopa utamponya. Akiona, atataka kiti chake, nami nitarudi kuchochea moto na kuchemsha nta. Binti hana chapa yake mjini hapa. Ana ya baba au ya mume, na mume sina wala sijamtafuta. Kile kiti, mjomba, ndicho kitu pekee nilichowahi kukitaka kwa nguvu. Nilimwacha baba yangu gizani ili nisikiachie. Naona aibu kiasi kwamba hata wino naona haukauki.

Sasa cheka ukiweza.

Machteld


Hoogsluis, 25 Julai 1684

Mpwa,

Fungasheni. Mashua ya Jumatatu, ile inayokokotwa na farasi mweupe. Yule wa hudhurungi husimama kwenye kila majani. Joost asile kitu kizito siku mbili kabla.

Umekosa, tena sana, nami nitakuambia usoni, siyo kwenye karatasi unayoweza kuikunja. Uongo wako nao ulikuwa mbovu. Mafua ya mwezi Mei!

Kuhusu kiti nikuambie ukweli wa kazi yangu. Sindano hurudisha nyuso, mlango, sahani, mvua dirishani. Mstari mwembamba kama unywele juu ya shaba hairudishi, hata akivaa miwani minene kama tako la chupa. Sikuambii ili ufurahi. Ukifurahi, usiniambie.

G.


Amsterdam, 9 Oktoba 1684

Mjomba,

Tumefika salama, ingawa walitupa farasi wa hudhurungi. Kasuku amerudi mwenyewe, sasa anajua na zaburi moja. Macho ya baba yanaendelea vizuri. Bado anasimulia kwa kila anayepita jinsi ulivyomtoa kitambaa jikoni kwako mwezi Agosti, uso wako ukawa kitu cha kwanza kukiona baada ya miaka miwili, naye akaomba arudishiwe giza. Mimi alinitazama muda mrefu, akasema nimekonda. Nikalia, mwafahamu wote wawili, kwa hiyo sirudii. Jioni ile niliitoboa mboni kwenye mfano wa nta niliokuja nao, na medali zote zikasubiwa zikiwa zinatazama.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nimeandika kwa sababu nina hasira na hapa nyumbani hakuna wa kumpa.

Ulikuwepo ukumbini tarehe 27. Uliniona nimesimama tangu kengele ya saa mbili, medali juu ya mto wa mchanga, nakata jina baada ya jina, thelathini na mawili, na wapasuaji wako wamenizunguka wananipumulia shingoni harufu ya nyama ya kuoka. Baba amekaa pembeni na miwani yake, nasi tumewaambia kuwa mwanga unamuumiza, kwa hiyo binti atakata na yeye atasimamia. Sawa, tulikubaliana hivyo. Na nilipomaliza jina la mwisho bwana Wessel akanipita kana kwamba mimi ni kinara cha mshumaa, akaushika mkono wa baba kwa mikono miwili: "Bwana Joost, mkono wako haujazeeka!"

Na baba akanyamaza! Hakukataa wala hakuitikia. Alitazama viatu vyake vipya alivyofurahi sana kuviona.

Ningekuwa sijamwacha gizani ningemgombeza. Sasa naona sina haki, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kiti bado ninakikalia. Mistari haioni, kama ulivyosema. Sikufurahi, kama ulivyoniagiza, au nilifurahi kidogo sana. Tangu turudi hajambo, ila hasemi. Anajifungia chumba cha nyuma mchana kutwa, na nikiuliza ananiambia anajifunza kutazama.

Ile ya thelathini na tatu iko kwenye kasha lake, mgongo mtupu. Huwezi kuipata. Bado hujasema jina la hewa.

Machteld


Hoogsluis, 3 Desemba 1684

Mpwa wangu mpendwa, mheshimiwa kuliko unavyojua,

Salamu zote unazozijua, na moja mpya: hewa ya Schermbrug inaitwa Geesje. Ni mjane, anauza samaki wa moshi, ana kicheko cha kutikisa madirisha, na Februari tunafunga ndoa. Haya. Nilitaka medali mbili ili moja izike watu Jumanne kwa mkono wa rafiki na nyingine ikae na mimi. Sasa nimesema, na ukicheka cheka kwa adabu.

Mzee Lubbert amefariki. Alikula supu, akalala mkutanoni kama kawaida yake, na safari hii hakuamka kutukana. Tumemzika Jumanne iliyopita. Geesje alikuwa ameniandalia chakula, nikampelekea neno kuwa siendi. Nilibeba jeneza upande wa mbele, goti likilia, na mimi pia. Sikuiba mazishi ya Lubbert. Nataka ulijue hilo kabla ya yanayofuata.

Katikati ya Novemba mashua iliniletea kifurushi kutoka kwa baba yako. Ndani yake ilikuwemo ile medali ya thelathini na tatu, na kikaratasi chenye herufi kubwa kama za mtoto: "Inasomeka? Usimwambie." Nikaigeuza. Mgongo haukuwa mtupu tena. Nikaitia mfuko wa koti nimjibu baadaye. Koti lenyewe ni lile jeusi, la mazishi.

Unaona mambo yalivyokwenda. Kwa Lubbert nikatia mkono mfukoni, nikatoa medali, nikaitumbukiza.

Kesho yake Tijs anafungua sanduku. Anasoma, anaandika. Anafika ya mwisho, anaisogeza puani. "Mach... teld... van Rhee. Yupo." Na akaandika! Unamjua Tijs, huandika kwanza, halafu ndiyo huwaza.

"Nani?" Wessel akauliza.

"Machteld van Rhee. Ndiye wa thelathini na moja. Pamoja na marehemu ndio hesabu imetimia. Ila Govert Hellinck hayumo. Hakuja."

"Sikuja vipi? Nimebeba jeneza! Ulinikanyaga mguu wewe Tijs!"

"Sandukuni humo hukuja," Tijs akasema.

"Futa hilo jina la mwanamke!" Wessel akapiga meza.

"Kitabu hakifutwi, bwana mkuu. Sanduku halibishiwi. Kanuni ya tatu, na uliiandika mwenyewe."

Wessel akanigeukia. "Hellinck, huyu Machteld ni nani?"

Mpwa wangu, wakati ule ningeweza kusema lolote. Nilisimama nikasema: "Ni yule aliyechonga mkono na jicho mlilolisifu wiki tatu. Aliwakatia majina mbele ya pua zenu, kisha mkaenda kushukuru kiti kilichokuwa karibu naye." Halafu Cornelis, yule mnyoaji mnene, akasema polepole, "Kweli bwana. Mimi aliniambia nikae mbali, nanuka kitunguu. Na jina langu ndilo zuri kuliko yote." Mmoja akacheka, wa pili akacheka, mwisho hata Wessel masharubu yakamcheza.

Wamepiga kura. Kwa kuwa umo kitabuni na kitabu hakifutwi, umeandikwa mchongaji wa chama, kwa jina lako, wewe na si mwingine, maisha yako yote. Wessel ameagiza kila medali kutoka sasa iwe na alama ya aliyeichonga, na anauliza alama yako ni ipi ili Tijs aichore kitabuni. Kubeba jeneza umesamehewa. Mimi sikusamehewa kitu. Nimetoa pipa la bia, wakalinywa mbele yangu, tena kwa kuchelewa makusudi.

Naapa ilikuwa bahati mbaya. Koti lile lina mifuko ya ajabu.

Medali yenyewe naiambatisha. Ni yako. Itazame mgongoni kabla hujamwita baba yako.

Mjomba, mhudhuriaji asiyehudhuria,
Govert


Amsterdam, 16 Desemba 1684

Mjomba mpendwa,

Sisi wazima. Msalimie Geesje, mwambie pole, na mwambie alete samaki.

Nimeitazama. M imeegemea ukuta ambao haupo. D imekatwa mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Kuna mahali kichongeo kiliteleza hadi ukingoni, na pembeni kuna alama ya hudhurungi ambayo nimeisugua ikakataa kutoka, nadhani ni damu ya kidole. Ni kazi mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka nyumba hii. Nimeitazama siku mbili mfululizo.

Kisha nikaenda chumba cha nyuma nikaiweka mbele ya baba. Akavua miwani, akavaa tena.

"Govert hana siri," akasema.

"Kwa nini hukusema ukumbini?"

"Nilitaka kusema. Yule mtu aliposhika mkono wangu nikataka uwe bado ni wangu, kwa dakika moja. Dakika ikapita, na watu wakawa wameshaanza kula." Akaipapasa kwa kidole gumba. "Wiki sita nimehangaika na jina moja. Wewe ulikata thelathini na mawili kabla ya chakula. Haya nimejua, kwa macho na kwa vidole."

Nikamwambia mimi nilijua kuhusu sindano yako tangu mwanzo na sikukuita. Akasema, "Dengu ile, Machteld, niliipapasa Mei. Nilijua unamwandikia nani, hata kama wewe hukujua." Halafu akasimama, akakivuta kiti changu hadi dirishani penye mwanga mzuri, mahali alipokaa yeye miaka thelathini, na akaenda kuchemsha nta. Inaungua mpaka sasa. Nyumba nzima imejaa moshi na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mwambie bwana Wessel nimekubali, na nitakuja kwenye kila mazishi mashua ikiruhusu, kwa hiyo wasife wakati wa barafu. Alama yangu nimemchorea chini hapa. Ni M moja, imeinama upande wa kushoto, na Tijs asiinyooshe. Kuanzia leo nitaichonga hivyo hivyo ilivyotoka mkononi mwa baba, hata nikifika umri wa Lubbert.

Baba anataka kalamu. Nimemwachia ukingo.

Mpwa wako,
Machteld van Rhee, mchongaji wa chama

*(pembeni, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima)*

Govert, kichwa cha samaki wa moshi. Miaka thelathini nimekuona ukitia mkono mfukoni na kutoa kijembe unachokitaka bila kutazama. Leo ndiyo umekosea medali? J.